Delorome wa Wamaza

Mjini Kasongo kulikuwa na mpiga picha aliyelipenda jina lake kama wengine wanavyopenda suti ya sikukuu. Aliitwa Michel Delorme. Studio yake ilikuwa karibu na soko, chumba kimoja chenye pazia la buluu ukutani na kiti cha kukalia mteja, na juu ya mlango aliandika kwa rangi nyekundu: STUDIO DELORME. JINA JEMA HUNG'ARA GIZANI. Mtu akija kupiga picha ya ubatizo au ya kadi, Michel hakumwachia aondoke kabla hajamwonyesha ukuta wa kushoto.

Kwenye ukuta huo kulitundikwa picha alizozitoa kwenye intaneti na kuzichapisha. Palikuwa na mzee mwenye ndevu, aliyewajengea wafalme wa Ufaransa majumba yao karne nyingi zilizopita. Palikuwa na daktari wa jeshi mwenye masharubu, aliyepasua vifua vya askari akawaponya. Palikuwa na mama mmoja mzuri sana wa sinema. Wote waliitwa Delorme.

"Hawa ni wakubwa wetu," Michel alikuwa akisema. "Kila mmoja na kazi yake. Mimi nimepewa ya picha."

Watu wa Kasongo ni waungwana. Walitikisa vichwa, wakachukua picha zao, wakaenda. Na kwa kuwa Michel alikuwa pia na ulimi mtamu, aliitwa kuongoza sherehe za arusi, na huko nako aliwakumbusha watu majumba ya wafalme. Musié Delorme, ndivyo walivyomwita, na akisikia hivyo mabega yake yalipanda kidogo.

Jina lenyewe lilimfikia kwa njia ya mzunguko. Babu yake aliitwa Lukamba. Alikuja Kasongo kutoka upande wa Kabambare wakati wa uhuru, akiwa na mke, watoto na godoro, na tangu siku hiyo hakurudi kwao hata kwa msiba. Baba yake Michel alimweleza mara moja tu: "Kulikuwa na Mzungu wa pamba, Delorme. Alimupenda babu yako kama mutoto wake, mpaka watu wakamuita babu kwa jina lake." Halafu majina ya kizungu yakakatazwa nchini, wakabaki akina Lukamba, na baba alikufa akiitwa hivyo. Ni Michel aliyelifukua jina, miaka ile majina yaliporuhusiwa tena na yeye akafungua studio. Baba, akiwa bado hai, aliangalia kibao kile kipya kwa muda mrefu.

"Ungeliacha lipumuzike," alisema, akaenda zake.

Michel alidhani ni uzee. Na jinsi miaka ilivyokwenda, lile neno "kama" lilidondoka katika hadithi. Mzungu alimpenda babu kama mtoto wake. Kisha Mzungu alimpenda mtoto wake. Rangi ya Michel ilikuwa ya maji ya kunde, basi hakuna aliyembishia.

Binti yake wa pekee, Aimée Delorme, alisomea uuguzi, akapata kazi Kabambare, ambako wote walimwita Aimée tu, na huko akapendana na muuguzi mwenzake, Déo. Kwa desturi, upande wa kijana ndio ungekuja Kasongo kujitambulisha. Lakini aliyemlea Déo alikuwa bibi yake, Koko Mwavita wa Wamaza, na mgongo wake haukuweza tena pikipiki. Aliomba, kwa heshima, baba wa binti aje yeye Wamaza, waonane kabla jambo lolote halijafungwa. Mkewe Michel, Rosine, alikuwa na homa siku zile, basi Michel akaondoka na Aimée, aliyekuja kumchukua, wawili tu, kila mmoja nyuma ya pikipiki yake, suti ya Michel ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki ili vumbi lisiiguse.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika Wamaza. Njia ilikuwa mbaya, mashimo juu ya mashimo, na kwenye mto mmoja daraja lilikuwa limekatika wakavuka kwa miguu, pikipiki zikibebwa na vijana. Walipokaribia boma la akina Déo, Michel aliomba wasimame, akabadilisha nguo nyuma ya kichaka cha mihogo. Ndipo aliposikia, kutoka nyumba ya jirani, mama akimgombeza mtoto aliyekataa kuoga:

"Nyamaza. Delorome iko inakuja."

Mtoto alinyamaza papo hapo. Michel alifunga tai yake akitabasamu. Alidhani habari za ujio wake zimemtangulia.

Waliwekwa barazani. Upande wa wenyeji alikaa mjomba wa Déo, Bruno, mkulima mpole mwenye sauti ya taratibu, aliyepewa kazi ya kusemea familia. Wazee wengine walikaa kando ya ukuta. Koko Mwavita alikaa juu ya mkeka, mwembamba, shungi limefunika masikio, miguu imenyooshwa mbele. Aimée naye alikalishwa mkekani karibu yake, kama mkwe mtarajiwa.

"Baba," Bruno alisema, "tunashukuru umevumilia njia. Sisi ni watu wa hapa, hatuna mengi ya kusema juu yetu. Tuambie wewe ni nani, mutoto wetu ajue anaingia kwa nani."

Michel alisimama. Hii ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote. Alianza na fundi wa majumba ya wafalme, akashuka kwa daktari, akapita kwa mama wa sinema. "Sisi, akina Delorme," alisema, na akalirudia jina hilo kila mahali sentensi iliporuhusu. Ilimchukua muda kutambua kwamba hakuna aliyekohoa. Wazee waliacha kutikisa vichwa. Msichana aliyekuwa akileta sinia la maji alisimama mlangoni nalo mikononi, hakuingia.

"Jina gani, umesema?" aliuliza mzee mmoja.

"Delorme."

Wale wazee waliangaliana. Bruno alijifuta uso kwa kiganja. "Baba, usitukasirikie," alisema. "Hapa kwetu hilo si jina la mutu tu. Ni neno. Fimbo ya kupigia watu inaitwa delorome. Mutu mubaya anaitwa delorome. Watoto tunawaogopesha nalo."

"Basi Mzungu yule alikuwa mkali," Michel alisema haraka. "Ninasikitika. Wazungu wa pamba walikuwa na makosa yao."

Koko Mwavita aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Hapana Muzungu," alisema. "Yule Muzungu tulimuona akipita na gari, anapima pamba, anaenda. Hata sura yake siikumbuki. Delorome alikuwa mutu mweusi. Kapita. Kazi yake kuangalia nani amelima na nani hakulima. Kikapu chako kikipungua, anakulaza chini na kukuchapa. Alijiita jina la bwana wake ili tumuogope zaidi. Jina lake la nyumbani lilikuwa Lukamba."

Michel alikaa.

"Ninakuuliza, baba," kizee kile kiliendelea bila kupandisha sauti. "Babu yako, mukono wa kuume. Vidole vilikuwa vitano?"

Babu Lukamba hakuwa na kidole cha shahada mkono wa kuume. Kilikatika kwenye kiungo cha kwanza. Michel alipokuwa mdogo alikuwa akikishika kile kigutu akienda naye mtoni, na babu akimwambia kwamba mamba ndiye aliyekula kile kipande kingine. Kisa hicho cha mamba Michel alimsimulia Aimée, na Aimée alikipenda sana alipokuwa mtoto, akawa anaomba kirudiwe. Sasa alikuwa ameketi pale mkekani, anamwangalia baba yake.

"Vitano, mama," Michel alisema. "Vyote vitano. Huyo wenu ni mwingine. Labda alikuwa boyi tu, akajipachika jina letu. Sisi ni wa upande wa Mzungu."

Koko Mwavita aliinamisha kichwa, akalainisha kitambaa juu ya magoti yake. Chakula kikaletwa, wali na samaki, watu wakala wakizungumzia mvua. Bruno alisema kwamba familia itakaa, itaongea, itatuma neno. Alisema kwa adabu sana, na adabu ile ilimuumiza Michel kuliko matusi.

Kwenye mto wenye daraja lililokatika, wakingoja pikipiki zivushwe, Aimée alisimama kando ya maji.

"Baba," alisema, "umemukana babu yako."

"Nilitaka kukulinda. Ndoa yako."

"Mimi nilikuwa nimekaa pale. Ulijua ninakijua kile kidole."

Michel aliinama, akaanza kukunja suruali ili avuke. Aimée hakulia. Alimwambia dereva wake ageuze pikipiki kabla haijavushwa, yeye anarudi kazini Kabambare, hafiki Kasongo.

Nyumbani Michel alimwambia Rosine kwamba mambo yalikwenda vizuri, kisha usiku haujaingia akamwambia kwamba hayakwenda. Rosine alisikiliza yote. Hakumlaumu, alisema tu, "Ungesema ukweli, wangemuchukia babu yako. Sasa watakuchukia wewe."

Siku zilizofuata Michel alifungua studio kama kawaida, lakini akili yake ilikuwa kwa babu. Mambo aliyoyaona utotoni bila kuyaelewa yalianza kuja moja moja. Babu hakukaa mahali bila kuegemeza mgongo ukutani. Babu hakwenda matanga ya mtu yeyote. Mtu akija mtaani kutoka Wamaza kuuza mafuta ya mawese, babu alisema ana homa, akaingia ndani, akajifunika mpaka mgeni aondoke. Na bado alikuwa ndiye mtu aliyemwogesha Michel, aliyemchongea gari la mti, aliyempulizia uji upoe. Michel hakujua aweke wapi vitu hivi viwili. Alipowaza fimbo, mikono iliyoishika ilikuwa ile ile ya uji.

Lakini kilichomchoma zaidi haikuwa fimbo. Fimbo ilikuwa ya babu. Ile "vitano, mama" ilikuwa yake mwenyewe, na kila mteja aliyeingia akisema, "Musié Delorme, habari ya asubuhi," masikio yake yaliwaka moto. Siku moja mwanamke aliyekuja na mtoto mchanga alisimama mbele ya ukuta wa kushoto, akauliza yule mwenye ndevu ni nani. Michel alisema, "Simujui." Lilikuwa jibu la kweli la kwanza alilowahi kutoa juu ya picha ile, na hata hilo lilimtia aibu.

Alirudi Wamaza peke yake, bila suti. Hakumwarifu Déo wala Bruno. Alimkuta Koko Mwavita akichambua karanga kivulini mwa jiko, na badala ya kungoja kiti alikaa chini.

"Mama," alisema, "vilikuwa vine."

Mwavita aliendelea kuchambua. "Nilijua," alisema. "Uliposimama kutoka kitini, ulisimama kama yeye, mukono mmoja kiunoni. Nilikuwa mutoto mudogo lakini kile kiuno sikukisahau. Nilikuuliza nione utasema nini."

Michel aliangalia ardhi.

"Unajua kidole kilienda wapi?"

"Alisema ni mamba."

Kizee kilicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha wala ubaya. "Mamba alikuwa baba yangu. Ile siku kikapu cha baba kilipungua. Ilikuwa siku ya soko, na mama mukwe wake alikuwa ametoka kwao kuja kututembelea, alikuwa pale sokoni. Baba akamuomba Lukamba: nipige kesho, nipige mara mbili, lakini si mbele ya mama mukwe. Lukamba akasema leo ni leo. Wakamvua nguo. Alipomushika kichwa kumulaza, baba akamung'ata kidole mpaka kikatoka. Kwa hiyo akapigwa zaidi. Mama mukwe aliona yote, uchi wa mukwe wake aliuona." Alipuliza maganda ya karanga. "Baba hakufa kwa fimbo. Lakini usiku alienda. Tulisikia yuko Nyangwe, anavua samaki. Mama alituma watu. Baba akasema hawezi kurudi mahali mama mukwe wake alimuona vile. Alifia huko."

Michel alitaka kusema pole. Neno lilionekana dogo mno.

"Nifanye nini, mama? Nilete mbuzi? Niseme mbele ya watu?"

"Wewe kusema unajua sana," Mwavita alisema. "Kesho utakaa. Watu wana maneno. Utasikiliza."

Alilazwa kwa Bruno. Asubuhi, wakaja. Hawakuja wengi, maana wengi wa wakati ule wamekufa. Walikuja wazee wachache na watoto wa waliokufa, wakakaa barazani, na kila mwenye neno alilisema. Mmoja alisema mama yake alilima pamba na mimba ya miezi mingi, akazalia shambani, na Lukamba akamwambia amalize mstari. Mwingine alisema baba yake alificha jembe la jirani ili jirani ndiye apigwe, na aibu hiyo aliwaachia watoto. Mzee mmoja alianza kisa, akasahau katikati, akacheka, akasema basi, ilikuwa mbaya. Hakuna aliyemtukana Michel. Walisema wakiangalia mbele, kama watu wanaoelezea ugonjwa uliopita kijijini.

Jua lilipokuwa juu, mtu mmoja wa makamo, kipofu wa jicho moja, alisema: "Baba yangu alikuwa anasema hata Lukamba mwenyewe alikuwa anapigwa. Pamba ikipungua mashambani kote, Muzungu anamulaza yeye kwanza, mbele ya wale anaowachapa. Alikuwa na alama mugongoni."

Michel aliinua kichwa. Alikumbuka mgongo wa babu, daima ukutani. Kitu kilifunguka kifuani mwake, akafungua kinywa: "Ni kweli, wazee, hata yeye aliteswa, hakuwa na njia—"

"Hapana, mukwe," Koko Mwavita alimkatiza. "Hilo ni letu kusema. Si lako."

Michel alifunga kinywa. Alielewa kwamba kwa dakika moja tu alikuwa amelikimbilia neno lile kama alivyozikimbilia picha za ukutani, ili asimame mahali pasafi. Akakaa mpaka jioni, na hakusema tena. Ni baadaye tu, amelala kwa Bruno, alipotambua kwamba yule mama alikuwa amemwita mukwe.

Arusi ilifanyika Kabambare msimu wa kiangazi. Michel hakuombwa kuongoza sherehe. Aliongoza mwalimu mmoja wa huko, ambaye alichanganya majina na kuwachosha watu, na Michel alikaa kwenye kiti chake mikono juu ya magoti. Binti yake alitangazwa kwa jina la Aimée Lukamba. Ni yeye mwenyewe aliyechagua hivyo, pamoja na Déo, na hakumwuliza baba yake. Michel alipolisikia jina hilo likisemwa kwa kipaza sauti mbele ya watu wa Wamaza alitamani ardhi ipasuke. Watu walinong'ona, wengine wakageuka kumtazama. Koko Mwavita, aliyeletwa kwa kiti cha kubebwa, alipiga makofi mawili matatu ya kizee, na wengine wakafuata, ingawa si wote.

Aimée alimsalimia baba yake siku ile kwa heshima zote, akapiga goti. Ila ilichukua muda mrefu kabla hajampigia simu pasipo shida maalumu. Alipopiga hatimaye, waliongea juu ya bei ya mchele na homa za watoto wa Kabambare. Michel hakuuliza kama amesamehewa. Aliogopa kwamba angejibiwa.

Mwaka uliofuata, mvua zikikaribia kwisha, Koko Mwavita alifariki. Michel na Rosine walifunga safari. Njia ilikuwa matope matupu, wakafika siku ya pili, mazishi yamekwisha. Rosine aliingia kwa wanawake. Michel alisogea nyuma kabisa, walipokaa wanaume juu ya mikeka, na hakuegemea kitu.

Mgeni mmoja, mchimba dhahabu kutoka mbali aliyekuwa amepanga nyumba pale kijijini, alimwinamia Bruno akauliza yule mzee wa nyuma ni nani.

"Ni mukwe wetu," Bruno alisema. "Wa Kasongo."

Hakutaja jina. Michel alisikia, na hakujua kama jina liliachwa kwa huruma au kwa sababu halikustahili kutajwa kwenye matanga ya Koko Mwavita. Alingoja aone kama Bruno ataongeza kitu. Bruno hakuongeza. Alisukuma sinia la wali na sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, mpaka likafika kwa Michel, akamwambia, "Kula, baba, imepoa," na Michel akanawa mikono, akala pamoja nao.